Nilivyozifuatilia kuvu zinazoishi ndani ya majani

Hata jani zima, la kijani kibichi, lisilo na doa lolote, lina kuvu ndani yake. Nilitaka kuziona, kisha nijue zinaufanyia nini mmea.

Kuziotesha ni rahisi. Kazi ni kuthibitisha kwamba zimetoka ndani, kwa sababu uso wa jani umejaa spora, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huzalia, zilizoletwa na upepo. Niliyaosha majani kwa maji yanayotiririka, nikayazamisha kwenye ethanoli ya asilimia 70, halafu kwenye maji ya klorini, nikayasuuza kwa maji yasiyo na vijidudu. Matone ya maji ya mwisho ya kusuuzia niliyaweka kwenye sahani yake ya agari (ute mgumu wa kuoteshea vijidudu), na kwenye sahani nyingine nikaligandamiza jani kabla ya kulikata. Sahani hizo mbili zisipoota kitu, ndipo ninapoamini kilichoota kwenye vipande. Nyuzi nyeupe zilipochomoza kwenye kingo, pale pale kisu kilipopita, nilifurahi mno.

Swali la pili lilitaka mimea isiyo na kuvu ya kulinganishia, na hiyo ndiyo inayosumbua kuipata. Kwenye miti mingi ya kitropiki jani huchipua likiwa karibu safi; wapangaji hawa huingia baadaye kutoka hewani, na spora huhitaji unyevu ili ziote. Basi nilimwagilia udongo tu, majani yakabaki makavu. Miche mingine niliinyunyizia spora za kuvu nilizozitenga, nikaifunika usiku kucha.

Nilipoambukiza miche yote ugonjwa wa majani, madoa yalikuwa madogo zaidi kwenye ile yenye kuvu. Hilo linakwenda sambamba na utafiti wa mikakao uliochapishwa mwaka 2003 kutoka Panama: majani yaliyopewa kuvu za ndani yaliharibiwa kidogo na Phytophthora, kimelea kinachougua mimea, kuliko yasiyo nazo.

Hata hivyo siziiti rafiki wa mmea kirahisi. Epichloë, kuvu inayoishi ndani ya baadhi ya nyasi za malisho huzikinga dhidi ya wadudu, lakini sumu zake huwadhuru ng'ombe wanaozila. Aina fulani za kuvu ziitwazo Colletotrichum hukaa kimya ndani ya jani, kisha mazingira yakibadilika huleta ugonjwa. Kwa hiyo sasa kila kuvu naipima kwenye miche iliyoshiba maji na kwenye miche iliyonyimwa maji, kabla sijasema kama inasaidia au inadhuru.