Hatua za dansi hazikuwa zetu

Ujumbe uliingia kwenye simu zetu sote kwa pamoja. Ulitoka kwa kampuni iliyokuwa ikisambaza nyimbo zetu mtandaoni: kuna video imetumia wimbo wenu bila kibali, mnataka ifanywe nini? Ilikuwa mwaka 2021. Jioni hiyo tulikuwa na mazoezi, lakini hakuna aliyegusa ala kwa muda mrefu.

Mwimbaji wetu aliegemeza simu yake kwenye spika, tukasogea. Kwenye klipu alionekana dada mmoja amesimama katika korido nyembamba, miguuni ana soksi tu. Wimbo wetu alikuwa ameukata mwanzo na mwisho, akabakiza kile kipande cha katikati ambapo gitaa na kinanda vinanyamaza, besi inabaki na ngoma. Mimi ndiye mpiga besi. Pale kuna noti ninayoichelewesha kidogo kwa makusudi, na jukwaani sikuwahi kuona mtu akiishtukia. Yeye aliipokea kwa bega la kushoto. Bega lilishuka, likangoja, kisha goti likalifuata noti ilipotua. Nilisisimka mwili mzima.

Watu walikuwa wameshaanza kumuiga. Tulimwona mmoja amevaa sare za kazi, kisha bibi na mjukuu wake, bibi akikosea goti lakini bega kalipatia sawasawa.

"Izuiwe," alisema mpiga gitaa. "Tumeurekodi kwa fedha yetu, halafu mtu anachukua kipande anachokitaka na jina letu halitaji hata mahali pamoja?"

Uwezo huo tulikuwa nao kweli. Tangu mwaka 2007 YouTube wana mfumo wa Content ID. Mwenye haki hukabidhi nakala ya kazi yake, mfumo huifanyia alama ya utambuzi, na kila video inayopakiwa hulinganishwa na alama hizo. Ikipatikana inayofanana, mwenye haki anaamua: aizuie, aiache na kufuatilia takwimu zake, au aruhusu matangazo yawekwe na mapato yaje kwake. Watu wadogo kama sisi tunaufikia mfumo huo kupitia wasambazaji. Kubonyeza mara moja kungetosha kumwondoa yule dada.

Mzee wetu wa ngoma, aliyetuzidi wote umri, ndiye aliyetuliza mambo. Alikuwa kijana MTV, kituo cha televisheni cha video za muziki, ilipoanza kurusha matangazo Marekani mwaka 1981, na alikumbuka jinsi bendi zisizo na uwezo wa kupiga video zilivyobaki nyuma, nzuri na mbaya kwa pamoja. Wakati ule kulikuwa na mtu ofisini anayeamua nani aonekane. "Leo ameamua huyu," alisema, akielekeza kijiti chake kwenye simu. Akatukumbusha wimbo "Jerusalema" wa Master KG na Nomcebo wa Afrika Kusini. Ulitoka mwaka 2019, lakini mwaka uliofuata kundi la Fenómenos do Semba la Angola lilijirekodi likiucheza huku wachezaji wameshika sahani za chakula, na ni hatua zile ambazo wauguzi na mapadri walizicheza katika nchi nyingi wakati wa korona. Wenye wimbo hawakuwa wamezitunga.

Ndipo mwimbaji akauliza, "Na yeye je? Yeye anapata nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Ujumbe tuliotumiwa ulihusu mwenye sauti peke yake. Akamtaja Jalaiah Harmon, msichana wa Marekani aliyebuni dansi ya Renegade, iliyovuma TikTok, mwaka 2019 akiwa na miaka 14. Wengine walipata umaarufu kwa kuicheza, na wengi walilijua jina lake Februari 2020 tu, baada ya gazeti la New York Times kuandika habari zake.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipojengeka, na sijaubadilisha. Mfumo ule unaweza kuitambua besi yangu ndani ya klipu iliyorekodiwa popote pale, lakini mtu mwingine akilicheza bega lile lile mbele ya kamera yake, hauna habari ni bega la nani. Hata sheria ya Marekani, ambayo inalinda dansi iliyotungwa, inaziacha nje hatua fupi na nyepesi. Mpangilio huu umerithiwa kutoka enzi za redio, sauti iliposafiri peke yake. Video imeviunganisha wimbo na mwili, ila malipo bado yanaufuata wimbo. Tungechagua kuchukua mapato ya matangazo, tungelipwa kwa kazi ya bega lake, na mimi niliona huo ni uonevu. Nililisema hivyo, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Tulibishana mpaka muda wa ukumbi ukaisha. Mwishowe hata mpiga gitaa alikubali: video ibaki, na tumwandikie mwenyewe. Mwimbaji aliandika ujumbe pale pale, sisi tukichungulia nyuma yake na kumsahihisha makosa. Tulimwomba ruhusa ya kuweka hatua zake kwenye video rasmi tuliyokuwa tukiiandaa, jina lake litajwe kama mtunzi wa dansi, na mapato ya video hiyo tugawane naye.

Jibu lilikuja kabla hatujafunga mlango. Kwanza aliuliza kama klipu yake itafutwa, maana aliwahi kufutiwa nyingine bila kuambiwa sababu. Tulipomhakikishia, alikubali, akaongeza sharti: kipande cha besi kisikatwe hata kidogo.

Mtayarishaji wetu alikuwa ameshakifupisha, akiamini watazamaji hawana subira na sehemu isiyo na sauti ya mwimbaji. Nilimpigia simu usiku ule ule akirudishe chote.