Picha Isitoke Bila Profaili Yake

Sehemu kubwa ya kazi zangu siku hizi ni picha za vitambaa: kanga, vitenge na magauni ya wenye maduka wa Kariakoo wanaouza kupitia Instagram. Katika kazi hii rangi ndiyo bidhaa yenyewe. Mama aliyeko Mwanza akiagiza kitenge cha damu ya mzee hakishiki kwanza ndipo alipe, anaiamini picha. Kikimfikia kina wekundu mwingine, anamlaumu muuzaji, na muuzaji ananigeukia mimi. Ndiyo sababu ninaisimamia kwa ukali ile hatua ambayo wapiga picha wengi huipita mbio: kugeuza faili na kulisevu baada ya kuhariri.

La kushika kwanza ni kwamba ndani ya faili la picha hamna rangi, mna namba. Kwenye JPEG kila nukta ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Namba hizo peke yake hazisemi ni nyekundu gani. Anayesema ni profaili ya ICC iliyofungwa ndani ya faili, yaani maelezo yanayoiambia programu namba hizo zinamaanisha rangi zipi. Nyekundu iliyokolea kuliko zote katika sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini, huandikwa 255, 0, 0. Nyekundu hiyohiyo, bila kupungua wala kuzidi, ikiandikwa kwa Adobe RGB, mfumo wenye upeo mpana zaidi wa rangi, inakuwa 219, 0, 0. Sasa liondolee faili la pili profaili yake kisha ulitume. Programu inayolipokea haina wa kumuuliza. Nyingi huchukulia kuwa ni sRGB, zinaisoma 219 kama 219 ya sRGB, na nyekundu yako inaingia giza. Kijani kinaumia zaidi: 0, 255, 0 ya sRGB ni 144, 255, 60 katika Adobe RGB, kwa hiyo kikisomwa vibaya kinaingiwa na unjano. Kwenye nyuso, ngozi ya maji ya kunde inapoteza damu na kupauka. Mteja anadhani simu yake ni mbovu, kumbe simu imesoma ilichopewa.

Kwa nini basi nisifanye kila kitu kwa sRGB tangu mwanzo? Kwa picha za simu na mtandao, wengi wanaweza kufanya hivyo na wakalala usingizi. sRGB ilitengenezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 kwa kufuata uwezo wa skrini za kawaida za wakati ule, na hadi leo ndiyo lugha ya pamoja ya intaneti. Lakini upeo wake ni mdogo kwenye kijani na feruzi, na vitenge vimejaa feruzi. Kwa hiyo RAW zangu, yaani faili ghafi za kamera, nazifungua kwa Adobe RGB, biti 16 (hatua nyingi zaidi kati ya rangi na rangi kuliko biti 8 za JPEG), na faili mama nalihifadhi hivyo kama TIFF, aina ya faili inayozibeba biti hizo. Biti 16 si mapambo. Ukivutavuta mwanga kwenye biti 8, mandhari laini ya nyuma ya gauni inaanza kuonyesha mistari kama ngazi, na mistari hiyo ikishaingia haitoki.

Kutoka kwenye faili mama natengeneza nakala ya sRGB, na hapo ndipo amri mbili za Photoshop zinapochanganywa na watu. Assign Profile inaziacha namba zilivyo na kubadilisha maana yake, kwa hiyo rangi inaruka mbele ya macho yako. Convert to Profile inabadilisha namba ili rangi ibaki ileile. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, zote mbili zipo pia, chini ya menyu ya picha. Unapotoa nakala unataka ya pili. Assign ni ya faili lililokuja bila profaili huku unajua kwa hakika lilitoka wapi.

Hata ugeuzaji sahihi una mipaka yake. Feruzi iliyo nje ya upeo wa sRGB haiwezi kuingia, inakatwa ukingoni. Mikunjo ya kitambaa iliyokuwa na feruzi tano tofauti inabaki bapa la rangi moja. Usiiachie programu iamue. Washa onyesho la majaribio la sRGB kabla ya kugeuza (kwenye Lightroom ni herufi S ukiwa Develop), kisha punguza ukolevu wa feruzi peke yake, kidogokidogo, mpaka mikunjo irudi. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote. Kitambaa kilichopungua ukolevu kidogo lakini kina mikunjo yake kinafanana na kile cha dukani kuliko kinachong'aa bila umbo.

Wakati wa kusevu, weka alama kwenye kisanduku cha kupachika profaili. Ile ya kawaida ya sRGB ina uzito wa takriban kilobaiti 3 tu, kwa hiyo hoja ya kupunguza ukubwa wa faili haina mashiko. Wanaotumia ImageMagick, programu ya kugeuza picha kwa amri za kuandika, wakumbuke kuwa amri ya -strip inafuta profaili pamoja na taarifa nyingine zote, kwa hiyo igeuze picha kuwa sRGB kabla ya kuipitisha huko.

Kwa kanga kuna jambo la ziada. JPEG, kwa mpangilio wa 4:2:0, huhifadhi taarifa za rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha. Kwenye uso wa mtu huoni kitu. Kwenye jina la kanga, herufi nyekundu juu ya nyeupe, ukiikuza picha utaona kingo zimetoa ukungu mwekundu. Chagua 4:4:4, mpangilio usiopunguza taarifa za rangi. GIMP inakupa uchaguzi huo kwenye mipangilio ya ziada unapotoa JPEG.

Studio ya kusafishia picha nayo iulizwe mapema inataka nini. Mashine nyingi za picha za mjini hupokea JPEG ya sRGB, kwa hiyo usijigeuzie CMYK (mfumo wa rangi za wino) nyumbani kwa kudhani ndiyo ya uchapishaji. Wakiwa na profaili ya karatasi yao, iombe, na kabla ya kuagiza picha kubwa safisha moja ndogo, uishike kando ya kitambaa chenyewe, nje, kivulini, mchana.