Mjomba na chupa ya maji ya maganda

Nimekuja Tandahimba msimu wa korosho, nimejiapiza sitagusa kazi. Mjomba akaniletea chupa ya dawa nyeusi ya mchwa, aliyoichemsha mwenyewe kwa mafuta ya maganda ya korosho. Yale yale yaliyotubabua vidole utotoni! "Wewe si wakili wa hataza, zile haki za uvumbuzi? Niandikie."

Mimi nilianza na kemia, sheria ikafuata baadaye, kwa hiyo nilijua mle ndani mna kadanoli na asidi anakadiki, kemikali za mafuta hayo. Kwamba mafuta hayo yanakinga mbao si jambo jipya, wazee wanalijua. Labda kipya ni mchanganyiko wake, ule moto wa hatua mbili. Hapo nikachangamka, nikaanza kuwaza BRELA, wanaosajili hataza nchini, hata ARIPO kule Harare, shirika la Afrika la kazi hiyo hiyo, miaka 20 ya ulinzi...

"Mjomba, kuna mtu umemweleza unavyoitengeneza?"

"Mwaka juzi Nanenane, pale Ngongo, Lindi. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Wengine waliandika kwenye daftari."

Nilikaa kimya. Upya ndilo sharti la kwanza la hataza, yaani uvumbuzi usiwe umeshaelezwa hadharani, na upya wenyewe ulishagawiwa bure Ngongo. Nikamwambia tusajili walau jina, alama ya biashara. Akauliza kama ataweka picha yake na kofia.

Ataweka.