Asubuhi niliyoyapima maua ya Du Fu

Machi 2017 nilikuwa Chengdu, mkoa wa Sichuan, China, mwaka wa kwanza wa skolashipu, bado tunasomeshwa lugha tu kabla ya kuingia kozi zenyewe, laoshi wetu (huko mwalimu kila mtu anamwita laoshi) akatupa shairi la Du Fu, mshairi wao mkubwa wa zamani, tukalikariri usiku tuje tuliseme darasani. Linaitwa Chun ye xi yu, yaani kuifurahia mvua ya usiku wa machipuko, na Du Fu alilitunga mwaka 761 akiwa hapohapo Chengdu kwenye kibanda chake cha nyasi. Mishororo 8, kila mmoja herufi 5, na kwa vile kwao herufi moja ni silabi moja basi mizani ni 5 kamili, vina vinakaa mshororo wa 2, 4, 6 na 8. Mimi babu alikuwa anatughania tenzi tangu tukiwa wadogo kwa hiyo kukariri hakukunipa shida.

Shida ilikuwa neno moja la mshororo wa mwisho, hua zhong Jinguancheng. Hua ni maua, Jinguancheng ni Chengdu yenyewe, jina la zamani, la enzi za maafisa wa vitambaa vya hariri. Sasa ile herufi ya pili, inayofuata hua, inasomeka namna mbili, ukisema chong ni tabaka juu ya tabaka, ukisema zhong ni uzito. Mimi nikasoma chong, nikaona maua yamerundikana mji mzima, laoshi akasema hapana, maua ni mazito. Nikabisha sana. Ua uzito linautoa wapi, kitu ukikipuliza kinapeperuka?

Nikalala. Kwetu Mvomero, Morogoro, masika ikianza inapiga mabati mpaka mliokaa chumba kimoja mnaongea kwa kupaza sauti, kwa hiyo alfajiri nilipofungua dirisha nikakuta lami imelowa, baiskeli zote chini zimelowa, na mimi sijasikia hata tone, mwili ulinisisimka. Ndo mshororo wa 3 na wa 4 ule, mvua inanyemelea na upepo kuingia usiku, inalowesha kila kitu bila sauti. Nilikuwa nimeyakariri tu yale maneno jamani.

Nikashuka na ndala. Nyuma ya hosteli kulikuwa na miti ya haitang, ndugu yake mtufaha, jana yake maua ya pinki yalikuwa yametazama juu, sasa matawi yameinama na ile pinki imekolea maji ikawa karibu nyekundu. Nikaweka kiganja chini ya kichala kimoja nikakiinua, kikanilalia mkononi kama kitambaa kilichotoka kwenye beseni, halafu maji yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko na tawi likaruka juu. Zito. Lilikuwa zito kweli. Na Du Fu aliyasema hayo usiku, kuna giza nje na taa ya mashua moja tu mtoni, asubuhi haijafika, yaani aliyapima yale maua kabla hajayaona. Nilisimama pale mpaka miguu ikapata baridi.

Saa sita mchana, nyumbani ni saa moja asubuhi, nikapiga WeChat kwa simu ya mdogo wangu nikaomba niongee na mama. Alikuwa ameshalima, anasubiri masika. Nikamwambia mama, kuna mzee wa huku alisema mvua njema inaujua wakati wake, machipuko yakifika ndo inanyesha. Akanyamaza kidogo.

"Huyo mzee alikuwa analima?"

Nikamwambia ndiyo mama, pale kibandani alikuwa na bustani ya mboga, na miti dawa pia.

"Ndo maana. Hebu rudia mwanangu, taratibu, ngoja nimwite baba yako."