Uvungu wa kirikuu yangu

Kishikio cha springi ya nyuma ya kirikuu yangu, gari ndogo ya mizigo, upande wa kushoto, kilikatika Kinyasini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa na matenga 8 ya samaki. Nilisikia kishindo kimoja, kisha bodi ikainama na tairi ikaanza kusaga madigadi. Samaki niliwahamishia kwenye gari ya mwenzangu. Walifika soko la Malindi, mjini Unguja, mnada umeshapoa.

Fundi wa kuchomea vyuma akajilaza chini na bisibisi, akaisukuma kwenye chasisi karibu na pale palipokatika. Ikazama mpaka mpini. Akatoka akijifuta mikono, akaniuliza: "Yakhe, gari hii ulikuwa ukiiosha kweli?"

Nilikuwa nikiiosha kila Ijumaa kabla ya sala. Milango, vioo, matairi, hata viti. Uvungu wake sikuwahi kuutazama tangu siku niliyoinunua.

Nimezaliwa Nungwi, mtoto wa mvuvi, na hili ndilo lililoniuma kuliko gharama. Kwetu chombo hutunzwa kuanzia chini. Maji yakipwa, mashua hulazwa ubavu mchangani, ikakwanguliwa chaza na mwani. Mbao za juu hupakwa sifa, yale mafuta ya samaki, na sehemu inayokaa majini hupakwa deheni, ile chokaa iliyopondwa na mafuta, ili wadudu wa baharini wasiitoboe. Tangu mdogo nimemshikia baba kopo la deheni. Halafu nikanunua chombo cha chuma, nikakipeleka ufukweni kila alfajiri, na tumbo lake nikaliacha tupu.

Mjue gari ya samaki inavyokula chumvi. Ya kwanza inatoka juu: barafu ikiyeyuka, yale maji yenye damu na chumvi hupenya kwenye viungo vya bodi na kudondokea chasisi. Ya pili inatoka chini, kwani tunarudi kinyumenyume hadi kwenye mchanga mbichi kupakia. Ya tatu huja na upepo. Msimu wa kaskazi Nungwi upepo unatoka baharini moja kwa moja, ukilamba kioo cha gari asubuhi unasikia chumvi.

Na chumvi ikishakaa kwenye chuma haihitaji mvua. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani unyevunyevu ukipita kama asilimia 75, na usiku wetu wa kisiwani mara nyingi unapita hapo. Kwa hiyo gari uliyoiegesha kavu, chini ya paa, inalala na vyuma vimelowa maji ya chumvi. Kutu haipumziki.

Wengine mnanunua gari za Japani mkidhani mnaanza na chuma kisafi. Inategemea imetoka wapi. Mikoa ya kaskazini, Hokkaido na jirani zake, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji ili zisigande, na nyingine hutumia kloridi ya kalsiamu, ambayo inavuta maji kuliko chumvi ya mezani. Ukiletewa karatasi ya ukaguzi ya mnada wa magari wa huko, usitazame rangi na kilomita tu. Tafuta herufi S, ambayo ni kutu, na C, chuma kilichokwisha kuliwa. Omba na picha za uvungu.

Baada ya fundi kukata sehemu mbovu na kuchomea bati jipya nene, kila mtu alinipa ushauri ule ule: piga oili chafu chini, utasahau kutu. Nilikataa na bado nakataa. Oili iliyotoka kwenye injini ina asidi, masizi na chembe za vyuma, inavimbisha mipira ya bushi, inashika vumbi la kifusi mpaka linakuwa tope zito linalokaa na unyevu. Na inadondoka. Sisi kisiwani tunakunywa maji ya ardhini, na chini yetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Kinachodondoka uani kinakwenda kwenye kisima cha mtu.

Ushauri wa pili ulikuwa kupiga lami nyeusi siku ile ile, iwahi kazini. Huo ni hatari zaidi kwa sababu unapendeza macho. Lami juu ya chumvi na kutu ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba: unyevu unabaki chini yake, kutu inaendelea kula gizani, na wewe unaona weusi unang'aa.

Nilingoja masika yaishe. Mwezi wa saba, kipupwe, nikaipeleka Mahonda kwa ami yangu, mbali na pwani, kwa sababu Nungwi ningeosha mchana na chumvi ingerudi usiku. Ami ana tangi la maji ya mvua. Maji ni jambo ambalo watu wengi wanalikosea. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na hayo ndiyo yanayooshea magari kila siku. Yaonje kwanza. Ukiyaonja ulimi ukikataa, yatafaa kutoa tope, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, mengi.

Gari tukaiinua, tukaiweka juu ya stendi za chuma pande zote nne. Jeki peke yake usiingie chini yake, hata kwa dakika moja. Tukaacha ekzosi ipoe, tukaanza na maji ya presha ndogo kutoka juu ya magurudumu kuja chini. Nilichokitoa kwenye kingo za ndani za madigadi sikukitarajia: tope la tabaka tatu, jekundu, jeupe la kifusi na jeusi, na ndani yake magamba ya samaki yamekauka kama kucha. Juu ya tangi la mafuta palikuwa na utepe wa mwani, bado una ubichi. Nilipoubandua, bati chini yake lilikuwa na alama ya kutu yenye umbo lile lile la utepe, kama kivuli chake.

Mashine ya presha ni nzuri, ila usiielekeze karibu kwenye viungio vya nyaya, bearingi na mipira ya ekseli.

Tukaiacha ikauke siku mbili. Kisha brashi ya waya, msasa, na nyundo ndogo. Gonga kila hatua. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hujibu kizito kama kibuyu chenye maji. Palipooza kutu ilitoka tabaka kwa tabaka kama mkate wa kusukuma. Ukifika hapo acha rangi, muite mchomeaji, hasa kama ni chasisi, kishikio cha springi au paipu ya breki. Paipu ya breki yenye kutu ya kumung'unyika hubadilishwa, haipakwi kitu.

Palipokuwa na kutu ya juu juu nilipaka dawa yenye asidi ya fosfori, inayogeuza wekundu kuwa weusi mgumu. Halafu redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kwanza ya kuzuia kutu, mikono miwili, kila mmoja ukauke. Juu yake ndipo ikaja lami ya magari, sehemu pana zilizo wazi tu. Kwenye mikunjo, viungo na ndani ya boriti za chasisi nilitia nta laini kwa mrija mwembamba, maana nta inatambaa na haipasuki. Ekzosi, diski na ngoma za breki, mipira na nyaya nilivifunika kwa magazeti na gundi ya karatasi kabla ya kuanza. Lami ikigusa ekzosi utanuka moshi wiki nzima, ikigusa breki ni balaa jingine.

Kazi yote ilichukua siku sita, na siku sita bila safari si kidogo kwangu. Sasa kila nikirudi kutoka mnadani namwaga ndoo tatu za maji matamu bodini na chini, hata nikiwa na usingizi. Kila miezi sita narudi Mahonda.

Baba alikuja kuiona mara ya mwisho ilipokuwa kwenye stendi. Hajawahi kuendesha gari maisha yake. Aliomba mkeka, akalala chali, akapitisha ukucha kwenye mshono wa kuchomea taratibu, kama anavyopitisha kwenye kalafati, pamba inayoziba nyufa za mbao za chombo. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na maji yakiingia humu, yanatokea wapi?"

Nikamwonyesha matundu madogo chini ya boriti. Mawili yalikuwa wazi. La tatu nilikuwa nimeliziba kwa lami bila kujua. Akanyoosha mkono atake waya.