Marumaru ya Wieskirche si jiwe

Wieskirche ni kanisa la mashambani karibu na Steingaden, Bavaria, Ujerumani. Mahujaji walianza kumiminika huko baada ya sanamu ya Kristo aliyepigwa mijeledi kuonekana ikitoa machozi, Juni 14, 1738. Dominikus Zimmermann alilijenga kuanzia 1745 hadi 1754, na ndugu yake Johann Baptist akachora dari.

Tazameni kwa makini nguzo za madhabahuni. Zinang'aa kama marumaru, kumbe ni jasi! Gundi ya ngozi za wanyama huyeyushwa kwa maji ya moto, hutiwa rangi, ndipo jasi inaongezwa. Gundi ikipungua, jasi huganda kabla fundi hajamaliza kukanda. Ikizidi, hukawia kukauka. Madonge ya rangi mbalimbali hukandwa kama unga wa chapati, hubanwa pamoja, hukatwa vipande na kubandikwa. Ile mishipa mnayoiona ndiyo mipaka ya madonge. Kisha ni kusugua kwa mawe, kuziba vitundu kwa uji wa jasi, kusugua tena kwa jiwe laini zaidi, mara nyingi, na mwishowe nta. Hakuna njia ya mkato hapo.

Adui ni unyevu. Gundi hulainika, mng'ao unafifia. Kuba nalo ni la mbao na plasta, limetundikwa kwenye kenchi, kwa hiyo paa likivuja, mbao huvimba na mchoro hupasuka. UNESCO iliorodhesha kanisa hili kuwa Urithi wa Dunia 1983. Ukarabati mkubwa ukafanyika 1985 hadi 1991. Tafadhali, mkifika msiziguse nguzo.