Pete ya Bibi

Jana binti yangu kapasua yai viza jikoni. Wote tukakimbilia uani. Yeye akacheka mpaka akakaa chini, mimi nimeshafika Amboni, kwenye chemchemi ya kule Tanga.

Nilikuwa na miaka tisa na upele usiosikia dawa. Bibi akanipakia daladala toka Ngamiani, tukamalizia kwa miguu, harufu ikatupokea kabla hatujayaona maji.

"Ingia, mume wangu. Dawa haiulizwi inanukaje."

Nikaingia. Akawa ananimwagia kwa kata, mkono mmoja unanisugua mgongo, nasikia pete yake ya fedha ikinikwaruza. Mara mkono ukasimama. Akauinua juani. Pete, ile aliyoolewa nayo, ilikuwa nyeusi kama tako la chungu. Akaifuta kwenye khanga. Akaitemea mate, akaifuta tena. Nyeusi. Akayatazama maji, kisha akanitazama mimi.

"Umekojoa humu?"

Nikasema hapana. Nilikuwa nimekojoa.

Upele ulipona. Lile la pete nikakaa nalo mpaka sekondari, siku mwalimu wa jiografia alipotupeleka chini ya bahari. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, wanasayansi walishuka na nyambizi Alvin kina cha mita 2,500 hivi, mahali ambapo mabamba ya dunia yanaachana. Maji ya bahari hupenya kwenye nyufa, yakapashwa na miamba iliyo jirani na magma, ule mwamba ulioyeyuka, yakarudi juu yamebeba salfa na madini. Waliyoyapandisha melini yalinuka yai viza. (Hapo nikainua kichwa.) Miaka miwili baadaye, upande wa Meksiko, wakayakuta ya nyuzi 350 na zaidi, hayachemki kwa jinsi bahari inavyoyakandamiza. Yakigusa maji baridi ya nyuzi 2, salfa na metali huganda pamoja papo hapo: moshi mweusi tii, na chembe zake hujijenga kidogo kidogo mpaka dohani linasimama.

Amboni si kilindini, najua. Lakini salfa ni ile ile, na fedha nayo ni metali. Kumbe sikuwa mimi!

Likizo nikaenda mbio kwa Bibi. Nikamweleza yote, nyufa, magma, moshi. Akanisikiliza huku anakuna nazi, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akakung'uta mbuzi.

"Kwa hiyo ulikojoa."